King'ora cha Shamba la Zabibu

Nianze na upumbavu wenyewe, ili mwenye haraka aondoke mapema akiwa na cha kusimulia. Nilitengeneza king'ora, kile kile cha misafara ya wakubwa, kwa vifaa vya kuokota. Nikakifunga kwenye nguzo ya shamba la zabibu la mama yangu, pale linapopakana na barabara kuu ya Ihumwa, nikakiwasha, kisha nikaenda kulala. Katika mradi mzima, kulala ndiyo sehemu niliyoipanga vizuri zaidi.

Asiyekaa Dodoma anaweza kuuliza king'ora kina ubaya gani. Kwetu king'ora ni amri. Kikilia, dereva anaegesha, bodaboda anashusha mguu, mama mwenye beseni analitua, na umbea unakatwa katikati mpaka vioo vyeusi vipite. Hakuna anayeuliza nani yumo. Mtoto wa huku anajua kuegesha kabla hajajua kuendesha. Na mimi, niliyekulia kando ya barabara hiyo hiyo, jambo hili sikulifikiria hata kidogo. Nilikuwa kama mtu anayetafuta simu yake huku anajimulikia kwa tochi ya simu hiyo hiyo.

Ila kwa kujitetea, niliteswa kwanza.

Ilikuwa likizo fupi ya Septemba, zabibu zimeiva, na mimi nikapewa kazi ya kuamia ndege. Kuamia ndege ni kazi ya heshima. Hivyo ndivyo wanavyosema wasioifanya. Unapanda kwenye dungu, kijukwaa cha miti kilichonyanyuliwa juu ya mizabibu, unakaa hapo kama jaji asiye na kesi. Ndege wakija, unapiga debe, unarusha jiwe kwa kombeo, unapiga ukelele. Wanaruka, wanatua mstari wa jirani, wanakutazama. Ni ndege wadogo wenye mkia mrefu kuliko busara, na hawana haraka. Wao wako kazini maisha yao yote. Wewe uko likizo. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nimeishiwa sauti, na nina hakika mmoja wao alikuwa ameanza kuniiga.

Mama hakutaka kusikia malalamiko, na alikuwa na sababu. Msimu uliopita ndege walikula karibu nusu ya shamba. Mnunuzi wa kiwanda alikuja na lori, akaondoka na kreti chache na pole nyingi. Mama hakulia. Alikaa jikoni akachambua mchicha ambao alikwisha kuuchambua. Mizabibu ile aliachiwa na bibi, na safari hii aliihudumia kama mgonjwa: alipogoa mwenyewe, alibeba samadi mwenyewe, alipuliza dawa ya ukungu mwenyewe mpaka akashikwa na kikohozi. Jioni moja, akiwa anakunja kanga, alisema mara moja tu, na mama akisema mara moja huwa hakuna marudio:

"Zabibu hizi zisipofika kwenye lori, mwakani nang'oa. Napanda alizeti."

Mdogo wangu wa kike, aliye darasa la sita na mwenye ulimi wa shangazi wa miaka hamsini, alinigeukia. "Umesikia? Shamba la bibi liko mikononi mwako."

"Nimesikia."

"Basi tumekwisha."

Sasa, mimi niko kidato cha tatu, mchepuo wa sayansi. Shuleni kwetu maabara ipo, ina kabati, na kabati lina kufuli zuri sana. Ndicho kifaa pekee cha maabara tulichowahi kukiona kikifanya kazi. Lakini nilikuwa nimemzoea fundi mmoja wa redio kule Makole, mwenye kibanda kidogo kama kabati lile, tofauti yake ni kwamba chake hufunguka. Siku za Jumamosi nilikuwa namsaidia kung'oa vipande kwenye redio zilizokufa, naye ananilipa kwa vipande vingine vilivyokufa. Uhusiano wetu ulisimama juu ya msingi huo.

"Msomi," alinikaribisha. "Shuleni mmefika wapi?"

"Tumefika kwenye transista."

"Mmeishika?"

"Tumeichora."

"Mtafika tu," alisema, akaendelea kupuliza vumbi kwenye subwufa ya mtu.

Nikamweleza shida yangu: nataka kidude kinachopiga kelele chenyewe, kinyamaze, kipige tena, siku nzima, bila mimi kuwepo. Hapo kwenye "bila mimi kuwepo" aliinua macho. Aliona kijana mwenye maono.

Wahandisi wenye ofisi, mliozoea kuagiza vifaa vikaja kwenye boksi lenye sponji, naomba mnisikilize kidogo, kwa sababu nina mchango katika fani. Bodi ya saketi si lazima. Kipande cha boksi la ndala kinatosha; unakitoboa kwa bikari, unapitisha miguu ya vifaa, unaunganisha kwa nyuma kwa nyaya za kebo ya simu. Chuma cha kulehemu si lazima. Msumari wa inchi sita ukichomwa kwenye mkaa unalehemu vizuri, na ukikosea unalehemu kidole, kwa hiyo unajifunza kutokosea. Risasi ya kulehemea unaikwangua kwenye bodi za zamani. Transista unaitoa kwenye chaja iliyoungua, ukiomba Mungu isiwe ndiyo iliyoungua. Rezista ni mpole, mweke upande wowote. Dayodi ana mwelekeo na kisirani, mgeuze uone.

Saketi yenyewe nilikuwa naijua moja tu, na hilo ndilo chimbuko la msiba. Ni vile vidude vyeusi vya miguu minane, bei yake ni sawa na maandazi mawili matatu, na vimejaa kila mahali. Kimoja kinapanda na kushuka taratibu kama mtu anayevuta pumzi. Cha pili kinapiga kelele. Ukimfanya wa kwanza amsukume wa pili, kelele nayo inapanda na kushuka: wiiu, wiiu. Ndiyo king'ora. Ningeweza kutafuta sauti nyingine, sauti ya mwewe kwa mfano, lakini mwewe anahitaji utafiti, na mimi nilikuwa nahitaji usingizi. Tena niliwaza: ndege wa Ihumwa nao ni wananchi. Wakisikia, watapisha.

Kilichobaki ni kidude cha tatu, cha kupumzisha wale wawili, maana betri ya pikipiki niliyoazima isingestahimili kelele mfululizo. Hiki nacho ni rahisi. Fikiria ndoo. Bomba kubwa linaijaza upesi, na muda inapojazwa king'ora kinalia. Ikishajaa, bomba linafungwa, maji yanatoka kidogo kidogo kwa kitundu cha chini, na muda huo wote ni kimya. Maji yakishuka, bomba linafunguka tena. Ndoo hiyo ndiyo kapasita. Unataka kelele fupi na kimya kirefu, unachagua ndoo kubwa yenye kitundu kidogo, unakwenda zako.

Kapasita mpya ya ukubwa huo ilikuwa inauzwa dukani. Fundi akachokonoa kopo lake akatoa ya zamani, imevimba kidogo juu kama mtu aliyeshiba ugali wa msibani.

"Chukua hii. Imetoka kwenye tivii ya mheshimiwa."

"Nzima?"

"Haijawahi kunisumbua."

"Umewahi kuitumia?"

"Ndiyo maana haijawahi kunisumbua."

Nikaichukua. Kama kuna mhandisi ananicheka, ajiulize yeye mara ya mwisho alikataa lini kitu cha bure.

Nyumbani nilikijaribu kwa kispika kidogo cha redio. Kilitoa sauti ya mbu mwenye mafua, kikanyamaza muda mrefu, kikatoa tena. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye mchele, akasikiliza.

"Hicho ndicho kitafukuza ndege?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa nasimamia."

Mdogo wangu alikohoa. Mama akarudi kwenye mchele wake. Nilichukulia kwamba mradi umeidhinishwa.

Siku ya lori ikafika. Mnunuzi alikuwa ameahidi kuja mchana, na mizani ya kiwanda ilikuwa inafungwa saa kumi; akichelewa hapo, kesho yake lori lilikuwa na zamu upande mwingine wa mkoa, na zabibu zilizochumwa hazisubiri zamu ya mtu. Mama na wanawake wawili wa jirani walianza kuchuma alfajiri kutokea upande wa juu, kule mbali na barabara, wakishuka taratibu na kreti zao. Mistari miwili ya chini, ya barabarani, ingechumwa mwisho. Ndiyo yenye zabibu nzuri kuliko zote, kwa sababu inapata maji ya mtaro. Mistari hiyo nikakabidhiwa mimi.

Kispika cha mbu kisingefaa shambani. Kwa hiyo asubuhi ile nilifunga chombo chenyewe: spika ya mdomo mpana, ile ya wauza sumu ya panya, ambayo fundi aliipata kwa mtu aliyeacha biashara hiyo baada ya panya kushinda. Nikaifunga juu ya nguzo, mdomo ukiangalia mizabibu na, kwa bahati, barabara. Kile kipande cha boksi la ndala nikakitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kukaza mfuniko, vumbi la Dodoma lisiingie. Vumbi halikuingia. Jua liliingia, likakosa mlango wa kutokea.

Nikaunganisha betri. Wiiu, wiiu, wiiu. Ndege wote waliruka kwa mpigo, wingu zima, mpaka nikasikia upepo wa mabawa yao. Kikanyamaza. Nikasubiri. Ndege hawakurudi. Nilisimama pale nikajisikia kama nimevumbua moto. Kule juu mama hata hakugeuka. Alisikia king'ora upande wa barabarani kama anavyovisikia kila siku, akaendelea na mkasi wake. Nikavuka korongo linalotenga shamba na nyumba yetu, nikaingia ndani, nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Mdogo wangu ndiye aliyeniamsha, kwa kunivuta kidole gumba cha mguu.

"Kaka. Mama kasema uje. Mnunuzi amepiga simu, amekwama pale juu kidogo, anasema kuna msafara."

"Si asubiri upite."

"Amesubiri mpaka dereva wake amekula akashushia na chai. Anasema ikifika saa nane na nusu haujapita, anageuza anarudi mjini, maana mizani itafungwa."

"Sasa mimi ndiye nitaupitisha?"

Alinitazama kama mtu anayechagua mahali pa kuchoma sindano.

"Sijui. Ila msafara wenyewe unalilia shambani kwetu."

Nikatega sikio. Kutoka ng'ambo ya korongo: wiiu, wiiu, wiiu. Pumzi moja ya kimya. Wiiu, wiiu, wiiu. Pumzi moja. Nilielewa kabla sijakaa kitandani. Kapasita ya mheshimiwa. Ile ndoo ilikuwa na ufa, na ufa wa kapasita mzee hupanuka kwa joto. Ndani ya kopo lile jua lilikuwa linaipika tangu asubuhi, na kadiri ilivyopata moto ndivyo ilivyovuja upesi, na kadiri ilivyovuja ndivyo kimya kilivyofupika. Kitu nilichokipanga kilie mara moja moja kilikuwa kinalia kama mkuu wa dunia anapita Ihumwa na amesahau njia.

Nilikimbia bila viatu. Nilipotokea barabarani nilitamani nirudi kuvivaa, nivivae taratibu, nifunge kamba mara mbili mbili.

Magari yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili, mstari umepinda mpaka ukapotea. Hakukuwa na trafiki hata mmoja, hakuhitajika. Watu walikuwa wamejiongoza wenyewe, kwa adabu isiyoonekana hata kanisani. Madereva wameshuka, wamekaa kwenye vivuli vya magari yao. Bodaboda wamejipanga kwa safu. Mfugaji mmoja amewazuia ng'ombe wake kwa fimbo iliyolazwa hewani, na ng'ombe wenyewe wametulia, wanacheua kizalendo. Na katikati ya yote, ndani ya koti zito na jua lile, mwenyekiti wa mtaa wetu.

Mwenyekiti hakuwa amepewa taarifa ya ugeni wowote, na hilo ndilo lililomtia hofu. Aliona amesahauliwa, akaamua kutosahaulika. Alikuwa amefagiza ukingo wa barabara. Alikuwa amechora mstari vumbini kwa bakora, kwamba wananchi wasiuvuke. Na alikuwa amewaita akina mama wa kikundi cha ngoma, ambao walikuja na ngoma zao na vitambaa vya kichwani vya kufanana, wamekaa chini wamezibana ngoma magotini, tayari.

Mbali kidogo niliona lori la kreti. Mnunuzi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango, anaangalia saa, anaangalia barabara, anaangalia saa.

Wazo langu la kwanza, lazima niwe mkweli, lilikuwa kuchomoa waya kimya kimya na kurudi kitandani. Nikachomoa. King'ora kikakata. Hakuna aliyesogea. Dereva mmoja akamwambia mwenzake, "Ukiona kimya hivi, wako karibu." Wote wakatikisa vichwa. Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Sasa wangesubiri mpaka Krismasi, na lori lingegeuza, na mwakani ningekuwa naamia ndege kwenye alizeti. Ndege wanapenda alizeti kuliko hata zabibu. Hilo mama alikuwa hajalifikiria, na sikuona kama ule ndio wakati wa kumshauri.

Nikavuka mstari wa vumbi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Rudi nyuma ya mstari."

"Mzee, hakuna msafara."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. King'ora ni mimi."

Bodaboda wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alinitazama kuanzia miguu iliyo peku mpaka kichwa chenye alama za mto.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Wa mama wa zabibu," mmoja akajibu. "Anasoma."

"Kumbe anasoma." Akanishika bega, akanisogeza pembeni, akashusha sauti. "Sema kweli. Umetumwa?"

"Sijatumwa, mzee."

"Maana wakubwa wakitaka kupita kimya kimya, huwa wanatuma mtu wa kawaida kawaida aje aseme hakuna kitu. Mtu ambaye huwezi kumdhania." Akanitazama tena, na nikaona kwa macho yangu heshima ikiingia usoni mwake. "Peku kabisa. Wamefikiria."

"Mzee, mimi naishi pale ng'ambo ya korongo. Nimetengeneza kidude cha ndege."

"Cha ndege." Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa neno la siri. "Sawa kijana. Waambie Ihumwa tuko tayari. Waambie usafi umefanyika tangu asubuhi."

Sijawahi kusema ukweli mwingi kiasi kile kwa wakati mmoja, na sijawahi kuaminika kidogo kiasi kile. Ningekuwa nadanganya, ningeshapata kiti.

Kule mbali mnunuzi alikuwa ameingia ndani ya lori. Dereva akawasha injini na kuanza kukata usukani, magurudumu ya mbele yakageukia mjini. Nyuma yangu, juu ya mtaro, nilimwona mama. Alikuwa ameshuka mpaka mwisho wa mizabibu, amesimama kati ya kreti zilizojaa, mkasi mkononi, analiangalia lori. Hakuniita. Hakuwa ananiangalia mimi hata kidogo.

Nikakimbia kwenye nguzo, macho yote kwenye lori, mizabibu hata sikuitazama. Nikashusha spika, nikaibeba begani. Mdogo wangu, aliyekuwa amenifuata ili asikose chochote, akabeba betri kichwani bila kuombwa, na hilo sitalisahau hata siku nikigombana naye, yaani kesho. Kopo nikalishika kwa shati maana lilikuwa linaunguza. Tukaenda hivyo hivyo mpaka katikati ya lami, mahali ambapo mtu wa kawaida hasimami, nikaweka kila kitu chini, na mbele ya mwenyekiti, bodaboda, ng'ombe na kikundi cha ngoma, nikaunganisha waya.

Wiiu, wiiu, wiiu, kutoka miguuni pangu.

Lilikuwa kosa jingine. Akina mama wa ngoma walikuwa wameambiwa wakisikia king'ora karibu, waanze. Wakaanza. Na walipiga vizuri, kwa mikono iliyosubiri tangu asubuhi, vifijo juu, vumbi likaruka, mwenyekiti akafunga vifungo vya koti akatazama mashariki. Mimi na mdogo wangu tulikuwa katikati ya lami tumeinama juu ya kopo la maziwa ya unga, tunapokelewa.

Nikachomoa waya. King'ora kikanyamaza. Nikaunganisha, kikalia. Nikachomoa. Ngoma zikaanza kufa moja moja, ya mwisho ikiwa ya bibi mmoja mnene ambaye alikuwa amefumba macho na hakutaka kuachia. Kisha kukawa na kimya ambacho hakuna saketi inayoweza kukitoa.

"Kwa hiyo," akasema bodaboda mmoja polepole, "mkubwa ni wewe."

"Ni mimi."

"Mbona umechelewa sasa?"

Hapo ndipo walipocheka, isipokuwa wale waliokuwa na haraka, ambao walikuwa wengi, na kila mmoja alipopita na gari lake alipunguza mwendo apate kunipa maoni yake binafsi. Nilipewa maoni kuhusu akili yangu, malezi yangu, shule yangu na mustakabali wa taifa. Mwenye basi dogo alitaka kujua kama natengeneza na vya magari. Mfugaji alipita na ng'ombe wake bila neno, lakini dume lake moja lilinitazama muda mrefu. Sikuinua kichwa. Nilikuwa naangalia magurudumu ya lori. Yalikata upande wa mjini, yakasita, yakarudi, na lori likaja kwetu polepole, likaingia kwenye njia ya shamba.

Mnunuzi alikuwa mtu mkavu, asiye na salamu ndefu. Alikamua zabibu moja kwenye kioo cha kipimo chake cha sukari, akakielekeza juani, akafumba jicho moja. Mama alisimama pembeni yake ameshika kiuno. Nilihesabu nyuzi za kanga yake ili nisiangalie uso.

"Sukari ipo," akasema mnunuzi. "Pakieni upesi."

Tukapakia. Nilibeba kreti kuliko nilivyowahi kubeba kitu chochote maishani, kwa hiari, na hakuna aliyenishukuru. Kreti za juu zote ziliingia. Kisha mnunuzi akaelekea mistari miwili ya barabarani, ile mizuri, ile yangu, na akasimama.

Hakukuwa na zabibu. Kulikuwa na vikonyo, vimening'inia kwa unadhifu kama vitana. Nguzo ya king'ora ilikuwa imechafuliwa kwa chokaa nyeupe ya ndege kuanzia juu mpaka chini, na juu yake, mahali ilipokuwa spika, walikuwa wamekaa watatu. Mara ya kwanza king'ora kiliwashtua. Mara ya pili kiliwasumbua. Baada ya hapo, kilipoanza kulia mfululizo, kilikuwa muziki wa chakula cha mchana.

"Hapa mlikuwa mnawafuga?" mnunuzi akauliza. Hakungoja jibu. Akapanda lori, likaondoka na vumbi lake kuwahi mizani.

Mwenyekiti alikuwa amefika, koti mkononi sasa, jasho limechora ramani mgongoni. Alisema kwamba suala hili ni zito, kwamba mtaa umedhalilika mbele ya wageni ambao wangeweza kuwepo, na kwamba anaomba nichukuliwe hatua na mamlaka husika.

Mamlaka husika ilikuwa imesimama kwenye mstari wa mwisho wa mizabibu, inapitisha vidole kwenye vikonyo, kimoja baada ya kingine. Nilisimama nikasubiri alizeti. Mama alifika mwisho wa mstari, akageuka, akautazama mti mmoja mzee wa bibi kama anaupima, kisha akamwambia mdogo wangu amletee mkasi wa kupogolea, ule mkubwa, si jembe, kabla jua halijashuka. Akakunja mikono ya gauni. Ndipo akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaniangalia vizuri, na kopo langu, na wale ndege watatu juu ya nguzo, akasema:

"Magari yamesimama. Mwenyekiti amesimama. Mpaka ng'ombe wa watu wamesimama. Ndege ndio wamekushinda."